Kununua kamera ya kupigia picha watoto wasiotulia

Muuza kamera yeyote, awe Kariakoo au hapa Mwanjelwa, Mbeya, atakuanzia na megapikseli, yaani mamilioni ya nukta zinazounda picha. Mwache amalize. Megapikseli 12 zinatosha kusafisha picha ya A4 ikatoka vizuri, na karibu kila kamera utakayoonyeshwa imeshapita hapo. Picha za watoto wadogo huharibika kwa sababu nyingine: ulipobonyeza, mtoto alikuwa ameshaondoka.

Mimi ninakula kwa kazi hii. Mahafali ya chekechea, birthday, ubatizo wa Jumapili, Mbeya mjini hadi Tukuyu. Mzazi akiniuliza anunue kamera gani, namuuliza kwanza mtoto anacheza wapi. Kama ni uwanjani mchana, juani, akicheza rede na wenzake, simu nzuri inamtosha. Afute tu lenzi mafuta ya vidole. Kamera inaanza kurudisha hela yake ndani ya nyumba. Chukua sebule ya Mbeya mwezi wa sita: baridi imefunga watu ndani, pazia limeshushwa, taa ni moja, na watoto wanarukia makochi. Hapo simu inachelewesha shata, yaani muda wa kupokea mwanga unarefuka ili ikusanye wa kutosha, na mkono wa mtoto unatoka kama moshi.

Mtoto anayechora mezani anapatikana kwa shata ya 1/125 ya sekunde. Anayekimbia anataka 1/500, anayeruka kamba hata 1/1000. Lakini shata ikienda kasi, mwanga unaoingia unapungua, kwa hiyo usimalizie hela yote kwenye kamera ukasahau lenzi. Ile lenzi ya 18-55mm inayokuja na kamera nyingi, ukiivuta mpaka mwisho, inafunguka f/5.6 tu (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la mwanga ni kubwa). Lenzi ya 50mm yenye f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya huo. Canon EF 50mm f/1.8 STM ni ya bei ya chini kwa lenzi za aina yake, na ndiyo ninayowaambia wengi waanze nayo. Kama sebule yako ni ndogo, tafuta 35mm, maana 50mm kwenye kamera hizi inaona eneo jembamba, utarudi nyuma mpaka mgongo ugonge ukuta.

Wa Nikon, hapa msikilize vizuri. Kamera za D3000 na D5000 na ndugu zake wote, mpaka D3500 na D5600, hazina ndani mota ya fokasi, ile inayosogeza lenzi ili picha ikae wazi. Ukiuziwa lenzi ya zamani iliyoandikwa AF bila S mbele, mfano AF 50mm f/1.8D, itaingia, itapiga, lakini fokasi utazungusha kwa mkono. Kwa mtoto wa miaka mitatu hiyo ni adhabu. Dai AF-S.

Kuhusu fokasi yenyewe, hakikisha kamera ina namna ya kumfuata mtu anayetembea: Nikon na Sony wanaiita AF-C, Canon wanaandika AI Servo au Servo. Kisha uliza inapiga picha ngapi kwa sekunde. Sony A6000 ya 2014 inapiga 11. Canon 1200D ya mwaka huohuo inapiga 3. Kwa watoto tofauti hiyo unaiona siku ya kwanza. Lakini betri ya A6000 inaisha haraka, na ukishaulizia bei ya lenzi zake utaelewa kwa nini wengi wetu bado tuko Canon na Nikon. Sony A6400 ya 2019 inashika jicho la mtoto na kulifuata. Mwenye uwezo achukue hiyo, mimi simzuii.

Usinunue kabla ya kujaribu palepale dukani. Weka kamera kwenye alama ya mtu anayekimbia, mwambie kijana wa duka atembee haraka akija kwako, ubonyeze bila kuachia. Halafu kuza kila picha uangalie macho, usiangalie shati. Kama nyingi zina ukungu na duka lina mwanga wa kutosha, rudisha. Muuzaji akinuna, anune.

Kamera ya mtumba ina mambo yake. Mulika lenzi kwa tochi ya simu kutokea nyuma: ukiona nyuzi kama utando wa buibui, huo ni ukungu unaoota ndani ya kioo, achana nayo. Huku kwetu, hasa Rungwe kwenye mvua isiyokatika, lenzi ikifungiwa kabatini bila vile vipakiti vya kunyonya unyevu huota hivyo. Piga picha ukuta mweupe kwa f/16; madoa yanayokaa palepale kila picha ni vumbi la ndani, hilo linasafishika na ni sababu ya kupunguziwa bei. Kwa Nikon, idadi ya picha ambazo kamera imeshapiga inasomeka ndani ya faili la picha lenyewe, kwa hiyo omba moja uende nayo.

Betri nunua mbili. Asubuhi za baridi zinaishiwa nguvu mapema, kwa hiyo ya akiba ninaiweka mfuko wa ndani wa koti. Na ukitoka nje kwenye baridi ukaingia jikoni kwenye joto, usitoe kamera mara moja. Iache ndani ya begi lililofungwa ipate joto polepole, la sivyo lenzi italoa mvuke na utakaa unaifuta huku mtoto ameshamaliza kuzima mishumaa.