Umealikwa harusini na simu unayo: namna ya kupiga bila kumponza mpiga picha

Mimi ndiye yule dada wa suruali nyeusi mwenye kamera mbili mabegani, anayepita ameinama mbele ya meza yako wakati unakula pilau. Napiga picha za harusi Dar es Salaam, mara nyingine Tanga na Zanzibar, na wageni huniuliza sana: "Dada, na sisi tunaruhusiwa kupiga?" Mnaruhusiwa. Kama maharusi hawajakataza, wala padri au sheikh hajakataza, simu yako haina ugomvi na mimi. Ninachoomba ni tugawane kazi. Kuna nyakati chache ambazo nimelipwa nisizikose, hizo niachie. Usiku uliobaki ni wako, na ndani yake zimo picha ambazo mimi sizipati hata nikipewa kamera kumi.

Kanisani

Nyakati zenyewe ni hizi: bibi harusi akiingia ameshikwa mkono na baba yake, viapo, pete, kufunuliwa shela, kutia saini cheti, na kutoka mlangoni. Pete inavishwa upesi mno kuliko watu wanavyodhani, na hakuna padri anayerudia kwa ajili ya kamera.

Anayeharibu mara nyingi ni mgeni aliyekaa ukingoni mwa njia ya katikati, wala hana nia mbaya. Mwili wake uko kwenye benchi, ametoa mkono tu wenye simu. Kwake ni mkono mdogo. Mimi nimepiga goti kule mbele, na mkono huo uko karibu na lenzi yangu kuliko alivyo bibi harusi, kwa hiyo kwenye picha unatokea mkubwa kuliko kichwa chake, na kioo cha simu kinang'aa katikati. Tableti ndiyo usiseme. Baba wa watu ametembea na mwanawe hatua zote zile akijikaza asilie, ukija kuitazama picha, uso wake umefunikwa na kava la tableti la shangazi.

Ukikaa pale ukingoni, fanya hivi: simu iweke usawa wa kifua, viwiko vibane mbavu, mguu usivuke benchi. Wasubiri wakufikie, piga mbili tatu wakiwa mbele yako, kisha shusha simu uwatazame. Sauti ya simu izime mapema, na ule mlio wa kamera pia.

Madhabahuni usipande. Hata mimi sipandi hovyo. Kabla ya ibada naenda kumwamkia padri au mchungaji, naonyeshwa pa kusimama na pasipokanyagwa. Mgeni akinifuata nyuma akidhani nimefungua njia, anayeitwa pembeni na mzee wa kanisa ni mimi.

Ndoa ya msikitini mara nyingi anaipiga mwenzangu wa kiume, na ombi lake ni moja tu: walii, yaani anayemwozesha bibi harusi, na bwana harusi wakishikana mikono, kaeni. Akisimama mmoja wa mbele kuchukua video, safu yote ya nyuma inasimama, na kinachobaki kwenye picha ni migongo ya kanzu.

Flashi zima, na tochi pia

Flashi ya simu imekaa jirani kabisa na lenzi, inampiga mtu usoni moja kwa moja. Poda nyingi wanazopakwa maharusi, hasa zenye kinga ya jua, zinaurudisha mwanga huo. Bibi harusi aliyepambwa saluni tangu asubuhi anatoka uso mweupe kama aliyemwagiwa unga, na shingo ina rangi yake. Ikigongana na taa zangu nilizopanga pembeni, picha yangu inaungua kwa mwanga kuzidi, na zile taa zinahitaji muda kidogo kujaza umeme kabla sijapiga nyingine. Tochi ya kurekodia video ni mbaya zaidi kwa sababu inawaka muda wote. Inaacha doa upande mmoja wa uso, na rangi yake haipatani na taa za ukumbi. Nikirekebisha shavu la kulia, la kushoto linageuka kijani.

Sasa gizani utapigaje? Tumia taa ya mpiga video. Angalia inatokea wapi, usimame upande huohuo, nyuma yake kidogo. Ukisimama ng'ambo utapata watu weusi tii na mwanga mgongoni mwao. Ukipita mbele yake, kivuli chako kinawaangukia maharusi, na kwenye video mama mkwe ataona kichwa chako kikikatiza keki. Egemeza viwiko mezani simu isitikisike. Usivute picha kwa vidole, sogea. Na tafadhali futa lenzi. Umekula kuku kwa mkono, halafu umeshika simu, halafu unalaumu simu.

Kati ya kanisa na ukumbi

Tukiwa Coco Beach au bustanini na maharusi, msitufuate wote. Jua la Dar linazama kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi hivi na saa moja kasoro kumi, kutegemea mwezi, na likishazama giza halikawii. Kila "dada, huku kidogo" inakula muda ambao hauna nyongeza.

Picha za familia

Hapa ndipo ninapopandwa na presha. Ukoo wa watu thelathini umepangwa, wajomba nyuma, bibi kwenye kiti, watoto chini. Nyuma yangu simu kumi na tano zimeinuka, kila mwenye simu anaita: "Shem, huku! Baba Neema, huku!" Nikifungua picha kwenye kompyuta, wajomba wanatazama kushoto, mashangazi kulia, na bwana harusi peke yake ndiye ananitazama mimi.

Utaratibu wangu ni huu, na nikiukuta ukumbi wenye MC mzuri anautangaza kwa niaba yangu. Napiga kwanza, wote kimya, macho kwangu. Nikimaliza nasema, "Haya, simu!" Nasogea pembeni, mnapiga mnavyotaka. Hamtapoteza chochote, kwa sababu kundi halijavunjika. Mkikaa nyuma yangu, kaeni nyuma kweli, si begani; nikirudi hatua moja kupanua picha nisimkanyage mtu vidole.

Keki, shampeni na ndafu ni hivyohivyo. Mnaizunguka meza, sawa, ila mniachie uwazi wa mtu mmoja mbele ya keki. Zawadi zikianza kupelekwa kwa kucheza, usisimame katikati ya mstari kujipiga selfi na maharusi. Nyuma yako wana kamati ya watu wamebeba friji.

Shughuli ambayo simu inabaki kwenye mkoba

Mombasa kwenye kupamba, ile sherehe ya wanawake ya kumwonyesha bibi harusi aliyepambwa, Zanzibar, Tanga, na hata Dar kwenye baadhi ya shughuli za wanawake, mlangoni utakuta mama anakusanya simu au anaibandika stika kwenye lenzi. Ndugu walioolewa Muscat wananiambia kule nako ni hivyo. Ndani mabuibui yamevuliwa, nywele ziko wazi, kila mtu kajiachia kwa sababu ameahidiwa hapigwi. Mimi huajiriwa kwa kuwa ni mwanamke, na picha anakabidhiwa bibi harusi au mama yake, basi. Ukificha simu ya pili ukajipiga selfi, na nyuma yako yuko mke wa mtu kichwa wazi, hiyo picha siyo yako peke yako. Usibishane na yule mama wa mlangoni.

Picha zako wewe

Wiki mbili baada ya harusi, maharusi wakija kuchagua za albamu, hawaulizi sana kuhusu keki. Wanauliza: "Bibi hujampiga?" Bibi alikaa meza ya nyuma karibu na feni, akaondoka saa tatu usiku kwa sababu ya mguu. Mimi nilikuwa mbele muda wote. Wewe ulikuwa meza moja naye.

Kwa hiyo mpige bibi. Piga mikono yake ikikunja ukingo wa kitenge, mpige akicheka na dada yake ambaye hawajaonana tangu msiba wa mwisho. Wapige akina mama wanaopakua chakula, vijana wanaobeba kreti za soda kwa mlango wa nyuma, dereva anayefunga riboni kwenye gari, watoto waliolala wamejikunja kwenye viti viwili vilivyounganishwa. Nyumbani asubuhi, mimi nikiwa saluni na bibi harusi, baba yake anahangaika na vifungo vya shati. Hapo uko wewe. Matarumbeta yakianza barabarani, toka upige majirani walioko dirishani. Watu wa aina hiyo mbele yangu wanakaa sawa na kukaza shingo. Mbele yako hawana habari.

Kama umekuja na kamera kubwa, njoo tusalimiane kabla ya mambo kuanza. Niambie uko upande gani, nikuambie nitasimama wapi. Pozi nilizopanga mimi usizipange upya, na namba yako ya kazi usigawe ukumbini. (Wale wenye printa ndogo wanaokupiga getini kisha wanakuletea picha mezani hawako nami. Ukiipenda nunua, usipoipenda usinunue, msije mkanidai chenji.)

Kutuma

Usirushe chochote kabla maharusi hawajarusha cha kwao. Gauni likitokea kwenye status wakati bibi harusi bado yuko garini, umemwibia mlango wake. Angalia pia na waliotokea nyuma: kuna mtu pale ameaga kazini anaumwa. Watoto wa watu uliza wazazi wao kwanza.

WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida inaipunguza ubora. Kwenye simu inapendeza, ukiichapisha kubwa inachuja. Ukitaka ifike nzima, bonyeza alama ya kuambatisha na uitume kama dokumenti. Chagua kumi nzuri, usimwage mia mbili. Usizipeleke kwenye grupu la kamati, huko bado wanadaiana michango. Mtumie msimamizi wa kike, uandike chini ni nani na nani, hasa wazee, kwa sababu upande wa pili hawawajui. Yeye atanipa mimi, na nikipanga albamu nitaziweka humo pamoja na zangu.