Somo: Benzi W123 inayolia ukikata kona na oili ya pawa stelingi inayopungua

Tuanze na jambo moja. Oili ya pawa stelingi hailiwi. Injini iliyochoka inaweza kuunguza oili yake, sawa, lakini mfumo wa usukani umefungwa. Ikipungua, imemwagika mahali. Kwa hiyo mtu akiniambia "mimi naongeza robo lita kila mwezi, ila gari haina tatizo", huwa namwomba anionyeshe pale anapolaza gari. Saruji husema yote.

Pili, hakikisha gari lako lina pawa. W123 zilizinduliwa mwaka 1976, na nyingi za zile ndogo za mwanzo zilitoka na usukani wa nguvu za mkono. Pawa ilikuja kuwekwa kwa zote mwaka 1982. Usicheke, nimeshaona Benzi 200 ya zamani ikitafutiwa pampu ambayo haijawahi kuwa nayo.

1. Itazame oili yenyewe

Kibuyu cha oili kimekaa juu ya pampu, na mfuniko wake una nati ya masikio katikati. Futa kwanza vumbi lote la juu, maana punje ya mchanga ikidondoka humo ni msasa unaotembea. Fungua, chovya kipande cha tishu nyeupe. Nyekundu inayopenya mwanga ni nzima. Kahawia yenye harufu ya kuungua imechoka. Ukikuta pinki yenye povu, kama juisi ya tikiti iliyotoka kwenye blenda sasa hivi, basi hewa imeingia, na ule mlio unaousikia asubuhi ni wa hewa hiyo.

2. Tafuta inakotokea

Hapa usiwe na haraka. Mimi niliwahi kuwa nayo. Pampu yangu ilikuwa imelowa mgongo mzima, gereji wakaniambia sili ya shafti (mpira wa kuzuia oili isitoke) imekufa, nikanunua pampu ya mtumba. Wiki ya pili, mgongo umelowa tena. Kumbe gaskiti ya mfuniko ilikuwa imekauka kama biskuti, oili ikipata moto inapanda, inachuruzika kwa nyuma na kujikusanya chini ya pampu. Gaskiti ile ilikuwa bei ya soda mbili.

Tangu siku hiyo nafanya hivi: injini ikiwa ya baridi, naosha pampu, mipira na boksi ya usukani kwa mafuta ya taa na brashi, naacha vikauke kabisa, kisha napuliza poda ya mtoto kila sehemu. Nawasha gari, mwenzangu anazungusha usukani taratibu kwa dakika chache. Nazima, ndipo naingiza tochi. Poda nyeupe itakuwa na mstari mwekundu, na ncha ya juu kabisa ya mstari huo ndiyo penye kosa. Matone ya chini yanadanganya.

Pa kutazama: gaskiti ya mfuniko, klipu za mpira wa kurudishia, viungo vya mpira wa presha, na sili ya chini ya boksi, pale shafti inapotokea kushika mkono wa stelingi.

3. Badilisha oili na filta

Ndiyo, kuna filta, chini ndani ya kibuyu, na wengi wanamiliki gari miaka kumi bila kujua. Nyonya oili ya zamani kwa bomba kubwa la sindano, toa springi na vilivyo juu ya filta (piga picha kwanza, utanishukuru), weka filta mpya na gaskiti mpya. Jaza ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki) nyekundu ya aina ya Dexron.

4. Toa hewa

Nyanyua mbele kwa jeki, weka stendi. Injini ikiwa imezimwa, zungusha usukani toka mwisho hadi mwisho mara 15 au 20, polepole, huku ukiongeza oili inaposhuka. Kisha washa, rudia mara chache, bila kuukandamiza usukani mwishoni zaidi ya sekunde 5. Povu likiisha, pima tena gari likiwa na moto. Usipitishe alama, ukijaza sana itatapika.

Maswali

*Mkuu, sina ATF, nina ya breki. Niweke kidogo nifike mjini?*
Hapana, hata kijiko. Itavimbisha sili zote na utabadilisha pampu, boksi na mipira. Afadhali uendeshe kwa ubavu, taratibu, au uite wa kuvuta.

*Fundi, mpira wa presha umepasuka. Kuna jamaa anataka kuukata na kubana kwa klipu.*
Mkatalie. Presha humo inaweza kupita bar 70, klipu itafyatuka na oili itarukia ekzosi yenye moto. Peleka mpira wako kwa wale wanaobana mipira ya haidroliki ya magreda, wakutengenezee mpya wakitumia ncha zako za chuma.

*Kaka, yangu haivuji wala haina povu, ila inapiga kelele kama paka nikipaki tu.*
Hiyo kama paka ni mkanda. Angalia kama umelegea au umelowa oili. Mlio wa pampu ni mzito, unapanda na kushuka na injini.

*Usukani una pleo kubwa, unachezacheza kabla ya magurudumu kugeuka. Nimeambiwa nikaze skrubu ya juu ya boksi.*
Kabla ya skrubu, mtu akae ndani achezeshe usukani, wewe lala chini ushike bolijointi za stelingi moja moja kwa mkono. Ile inayogonga kiganjani ndiyo ya kubadilisha. Boksi ikikazwa kupita kiasi, usukani haurudi wenyewe baada ya kona, na hilo ni baya kuliko pleo uliyo nayo sasa.