SOMO: Umeweka prosesa mpya na joto linagonga 90? Pima kwanza, kununua baadaye

Wakuu, habari za jioni.

Swali hili linanifikia karibu kila wiki. Mtu kajichanga miezi kadhaa, katoa prosesa ya zamani, kaweka yenye nguvu zaidi. Anafungua gemu, anaona joto la nyuzi 88, 89, 90. Moyo unamruka. Kesho yake yuko dukani ananunua kipozeo cha maji, hela inaisha, na joto liko palepale. Inaniuma kuona hivyo, maana hela ya kompyuta ya gemu huku kwetu haiokotwi. Nitaeleza kwa kutumia mashine yangu mwenyewe hapa Dar: madabodi (bodi kuu ya kompyuta) ya B450, nimetoka Ryzen 5 3600 kwenda Ryzen 7 5800X, zote prosesa za AMD. Wa Intel nao wafuate, utaratibu ni huohuo na kinachobadilika ni namba.

Jambo moja kabla hatujaanza. Feni haiwezi kuipoza prosesa ikawa baridi kuliko hewa inayovutwa. Vipimo vingi tunavyoangalia mtandaoni vimefanyika kwenye chumba chenye kiyoyozi, nyuzi 20 au 21. Chumba changu mwezi wa pili, saa 3 usiku, kina nyuzi 31. Kwa hiyo mtu wa Ulaya akipata 75 kwa kipozeo fulani, wewe wa Dar au Mombasa usiye na kiyoyozi tegemea kama 85 kwa kipozeo hichohicho, na hapo hakuna kilichoharibika.

Hatua ya 1: Jua kikomo cha prosesa yako

Kikomo cha 5800X ni nyuzi 90. Cha 3600 ni 95. Ryzen za mfululizo wa 7000 kama 7700X ni 95, na AMD wenyewe wamesema zimeundwa zifike hapo zikibanwa na kazi nzito. Core i5-12400 ya Intel ni 100. Prosesa ikifika kikomo haiungui, inajipunguzia kasi na volti ili ijilinde. Kwa hiyo usitazame joto peke yake, tazama na kasi. Iko 84 na kasi haijashuka? Cheza gemu lako. Iko 90 na kasi imeporomoka? Hapo ndipo pana kazi.

Halafu angalia wati. Boksi la 5800X linasema 105, lakini ile 105 siyo mwisho: kwa mpangilio wa kiwandani inaruhusiwa kuvuta hadi wati 142 kwenye soketi, pale inapokaa prosesa. 3600 yangu ilikuwa inaishia 88. Yaani moto umekuwa zaidi ya mara moja na nusu ya ule wa mwanzo, halafu nashangaa chungu kimechemka! Na moto wenyewe sehemu kubwa unatoka kwenye kipande kimoja cha silikoni cha milimita za mraba kama 80, hakifiki hata ukucha wa kidole gumba, na viini vyote 8 (sehemu zinazofanya hesabu) vimebanana humo.

Hatua ya 2: Pima kabla hujashika bisibisi

Pakua HWiNFO64, programu ya kusoma joto na wati, fungua sehemu ya sensa tu. Tafuta mstari ulioandikwa CPU (Tctl/Tdie). Washa Cinebench R23, programu ya kuibana prosesa kwa kazi nzito, kwa dakika 10, kisha cheza gemu lako nusu saa. Andika namba nne: joto la chumba, joto la prosesa, wati, na kasi. Kipimajoto cha ukutani kinatosha.

Sasa fungua ubavu wa kasha, rudia kipimo cha gemu. Joto likishuka nyuzi 8 au 10, mgonjwa wako ni kasha, halipumui, na kipozeo kipya hakitakusaidia kitu. Lisiposhuka, tatizo ni kipozeo, pesti (ile dawa ya kupitisha joto inayopakwa kati ya prosesa na kipozeo) au wati. Hiki kipimo ni cha bure na kimeokoa hela za watu wengi ninaowafahamu.

Namba zangu za kwanza: chumba 31, prosesa 90 ndani ya sekunde chache, wati 94, kasi 3.9 GHz. Kosa lilikuwa langu. 5800X haiji na kipozeo kwenye boksi, nami nikarudishia kile kidogo cha 3600, Wraith Stealth, alumini tupu, kilichotengenezwa kwa prosesa za wati 65.

Hatua ya 3: Kutoa kipozeo cha zamani

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapoulia prosesa.

Kama madabodi yako ni B450, sasisha BIOS (programu ya madabodi inayowasha mashine) wakati prosesa ya zamani bado imo. Ukishaitoa umechelewa, mashine inaweza isiwake kabisa na mpya. Na kama Windows yako imefungwa kwa BitLocker, kufuli la data la Windows, hifadhi ule ufunguo wa kuirejesha, kwa sababu ukibadilisha prosesa mashine inaweza kuuomba.

Prosesa za AM4, yaani aina ya soketi ya hizi Ryzen zangu mbili, zina pini chini yake, na soketi inazishika kwa mkono mwepisi. Pesti iliyokauka inashika kama gundi. Ukivuta kipozeo kikiwa baridi, unasikia "pwa!", unageuza mkono, prosesa yote imening'inia chini ya kipozeo na pini upande mmoja zimelala. Nimeliona hilo kwa macho yangu kwenye meza ya rafiki. Kwa hiyo: cheza gemu dakika 15 ili pesti ilainike, zima, chomoa waya ukutani. Legeza skrubu zote nne. Halafu usivute. Zungusha kipozeo taratibu kushoto na kulia, kama unafungua mfuniko wa chupa ya asali, mpaka usikie kimelegea. Ndipo ukiinue.

Na tahadhari: ukifungua skrubu za juu, bamba la nyuma ya madabodi linaweza kuanguka. Vipozeo vingi vya mnara, vile virefu vya feni, vinalitumia bamba hilohilo. Lishike kwa mkono mwingine.

Hatua ya 4: Pesti na kipozeo kipya

Futa pesti ya zamani kwa isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Wanaouza vifaa vya mafundi simu wanayo. Tumia kitambaa kisichoacha nyuzi. Weka tone moja katikati, ukubwa wa punje ya choroko. Kipozeo chenyewe kitalitandaza. Kaza skrubu kwa mshazari, mizunguko miwili hapa, miwili pale, mpaka zigome zenyewe.

Chini ya kipozeo kipya kuna plastiki nyembamba. ITOE. Nimeitwa kwa jirani ambaye mashine yake ilikuwa inazima kila baada ya dakika tatu, fundi kaifunga plastiki ikiwa imo. Waya wa feni uende kwenye tundu lililoandikwa CPU_FAN.

Kipozeo gani? Kwa prosesa ya aina hii, mnara wenye mabomba manne na feni ya milimita 120 unatosha. Pima nafasi ya kasha kwanza: DeepCool AK400, kwa mfano, ina urefu wa milimita 155, na makasha membamba hayaipokei. Mimi cha maji sikipendekezi kwa mtu anayeanza. Pampu ikifa huna cha kutengeneza.

Baada ya kufunga mnara: chumba 31, prosesa 86, wati 120, kasi 4.5.

Hatua ya 5: Hewa

Feni mbili mbele ziingize, moja nyuma itoe. Kasha la kioo kitupu mbele linaua, hata uweke feni za dhahabu. Usilibane ukutani wala ndani ya kabati la meza.

Hatua ya 6: Punguza wati kwenye BIOS

Hii ndiyo dawa ninayoiamini kuliko zote, na haina gharama. Tafuta Precision Boost Overdrive, chagua Manual, weka PPT (kikomo cha wati) 88, TDC na EDC (vikomo vya mkondo wa umeme, kwa ampea) 60 na 90. Ni viwango vya prosesa ya wati 65. Kisha Curve Optimizer, inayopunguza volti, viini vyote, Negative 15. Mashine ikijizima au ikijiwasha upya, rudi 10.

Matokeo: chumba 31, prosesa 70, kasi 4.35. Kwenye gemu 62. Cinebench imepungua kidogo, kwenye gemu sioni tofauti yoyote. Hebu fikiria, nyuzi 16 zimeondoka bila senti.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Mwanza): Mkuu shukrani kwa somo. Yangu 3600 nikiwa sifanyi kitu inaruka 41, 58, 43, 57, na feni inalia kama pikipiki. Imeharibika?

Jibu: Haijaharibika, kaka. Ryzen ikipata kazi ndogo tu, hata kufungua ukurasa, kiini kimoja kinapandisha kasi na volti ghafla, na sensa inasoma sehemu yenye joto kuliko zote. Nenda BIOS kwenye mpangilio wa feni, weka ichelewe sekunde 3 kabla ya kupanda. Makelele yataisha.

Swali (Nairobi): Mimi sijagusa prosesa. Nimetoa kadi ya picha GTX 1650 nikaweka RTX 3070, sasa prosesa imepanda nyuzi 12 nikicheza. Inahusiana vipi?

Jibu: Inahusiana sana. 1650 ni kadi ya wati 75, 3070 ni 220. Joto hilo lote linamwagwa ndani ya kasha, na kipozeo cha prosesa kinavuta hewa hiyohiyo. Fanya kile kipimo cha ubavu wazi. Pia funga idadi ya fremu ilingane na skrini yako. Kama skrini ni ya 75 Hz, yaani inaonyesha fremu 75 kwa sekunde, kuzalisha fremu 160 ni kuchoma umeme bure.

Swali (Mombasa): Ndugu yangu, mimi nina i5-13600K na kipozeo cha maji. Cinebench inafika 100 papo hapo, kwenye gemu 72. Nirudishe dukani?

Jibu: Usirudishe bado. 72 kwenye gemu kwa joto la Mombasa ni nzuri sana. Tatizo ni madabodi, nyingi zinaondoa kikomo cha wati bila kukuuliza. Ingia BIOS, weka PL1 (kikomo cha wati cha muda mrefu) iwe 125 na PL2 (cha muda mfupi) iwe 181, ndivyo Intel walivyoandika kwa prosesa hiyo. Kisha pima tena.

Swali (Dodoma): Habari kaka. Huku vumbi ni balaa. Nisafishe baada ya muda gani, na blowa ya mafundi ni salama?

Jibu: Salama dada. Kwa Dodoma, vichujio vya mbele kila wiki mbili, ndani kila miezi mitatu. Blowa ni salama ila shika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke, yakizungushwa na upepo mkali bearingi inakufa. Pulizia nje ya nyumba, siyo sebuleni. Na pesti usiiguse kila ukisafisha, ibadilishe ukiona joto limepanda wakati chumba ni kilekile.

Mwanachama wa Mombasa: Nimeweka 125 na 181. Chumba 30, Cinebench sasa 87 baada ya dakika 10, gemu 68. Sijanunua kitu.