Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuanza Utafiti wa Chembechembe za Hewani na Afya

Mtafiti anayetaka kujua chembechembe za hewani zinawadhuru watu kwa namna gani hana budi kuamua kwanza ni chembechembe zipi anazozikusudia, kwa maana neno hilo hukusanya vitu visivyofanana hata kidogo: vumbi la barabarani, masizi ya injini za dizeli, moshi wa kuni, chumvi ya baharini na chavua. Wanaozipima huzigawa kwa upana wake. Zisizozidi mikromita 10 (mikromita ni sehemu moja ya milioni ya mita) huitwa PM10. Zisizozidi mikromita 2.5 huitwa PM2.5, na hizi huweza kufika hadi kwenye vifuko vidogo vya hewa vilivyo ndani kabisa ya mapafu. Chini yake zipo zile zisizofika nanomita 100, yaani mikromita 0.1, ambazo ni ndogo kiasi kwamba baadhi yake huweza kupenya na kuingia katika damu. Unywele wa binadamu, kwa kulinganisha, una upana wa mikromita 50 hadi 70 hivi.

Uamuzi huo ndio unaoamua pia kipimo. PM2.5 hupimwa kwa uzito, yaani mikrogramu zilizomo katika mita moja ya ujazo ya hewa, lakini uzito hausemi lolote la maana kuhusu zile ndogo kabisa, kwa sababu chembe moja yenye upana wa mikromita 2.5 ina ujazo sawa na chembe 15,625 zenye upana wa mikromita 0.1. Maelfu ya chembe hizo yanaweza kuongezeka hewani na mizani isioneshe tofauti yoyote. Anayezitafuta anapaswa kuandaa chombo cha kuhesabu idadi yake.

Kwa anayepima uzito, kazi ngumu iko kwenye mizani kuliko kwenye pampu, na hapa ndipo maandalizi yanapostahili muda mwingi. Katika mfumo wa rejea unaotumiwa Marekani, yaani ule ambao vipimo vingine hulinganishwa nao, hewa huvutwa kupitia kichujio kwa kasi ya lita 16.67 kwa dakika, ambayo ni mita 1 ya ujazo kwa saa, hivyo kwa siku nzima hupita mita 24 za ujazo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unapendekeza wastani wa PM2.5 wa mwaka usizidi mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo, na wa saa 24 usizidi 15. Hewa ikiwa safi kwa kiwango hicho cha 5, kichujio kitaongezeka mikrogramu 120 tu kwa siku, zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi ya miligramu. Alama ya kidole, umeme tuli wa plastiki au unyevunyevu wa chumba vinatosha kuharibu hesabu hiyo yote. Kwa hiyo, kabla ya siku ya kwanza ya kazi, pawepo mizani inayosoma hadi mikrogramu moja, chumba chenye joto na unyevunyevu visivyobadilikabadilika, na utaratibu ulioandikwa wa kuviacha vichujio humo kwa angalau saa 24 kabla ya kila upimaji, vikiwa vitupu na vinaporudi na mzigo wake. Viandaliwe pia vichujio vya ulinganisho, vinavyosafirishwa hadi mahali pa kazi na kurudishwa bila hewa kuvutwa kupitia kwake, ili ijulikane ni uzito kiasi gani ulioongezwa na safari na mikono peke yake. Bajeti inapobana, hivi ndivyo vinavyokatwa kwanza, na nasema bila kusita kwamba ni afadhali kupunguza siku za kupima kuliko kuviacha.

Aina ya kichujio nayo huamuliwa mapema. Kile cha tefloni kinafaa kwa uzito na kwa kuchunguza metali. Anayetaka kujua kiasi cha kaboni huhitaji kile cha nyuzi za kwatzi, na kichujio kilichokwisha kutumika hakibadilishiki tena.

Vipima vidogo vya bei nafuu, vinavyotumia mwanga wa leza kukadiria wingi wa chembechembe, vimewawezesha wengi kufanya kazi hii, na hilo ni jambo la kushukuru. Hata hivyo, havipimi uzito bali mwanga unaotawanywa. Hewa ikiwa na unyevunyevu mwingi, chembechembe hufyonza maji na kuvimba, na kipima huonesha namba kubwa kuliko hali halisi. Chembe zilizo chini ya mikromita 0.3 hivi karibu zote hazionekani kwake. Ni lazima viwekwe kando ya chombo cha rejea kwa wiki kadhaa kabla ya utafiti, na tena baada yake, ikiwezekana katika misimu tofauti.

Namba ya kituo cha kupimia hewa, hata ikiwa sahihi, si hewa ambayo mtu amevuta. Watu wengi hutumia sehemu kubwa ya siku ndani ya nyumba, ambako kuna majiko, sigara na mishumaa. Mtafiti aamue mapema kama atawavalisha washiriki vipima, atapima majumbani mwao, au ataridhika na kituo na kulikubali kosa linaloambatana nacho.

Muda wa kufuatilia afya nao uandikwe kabla ya takwimu kufunguliwa. Ukungu wa moshi ulioifunika London kuanzia tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952 ulikadiriwa mwanzoni kuwa umeua watu 4,000 hivi. Uchambuzi wa baadaye, uliohesabu pia vifo vya miezi iliyofuata, ambavyo awali vilihusishwa na homa ya mafua, ulifikia takriban 12,000. Anayechagua urefu wa kipindi baada ya kuyaona matokeo anaweza kupata karibu jibu lolote analolipenda.

Idadi ya washiriki isikadiriwe kwa matumaini. Utafiti wa miji sita ya Marekani uliochapishwa mwaka 1993 uliwafuatilia watu wazima 8,111 kwa miaka 14 hadi 16, ukazingatia uvutaji wa sigara na mambo mengine ya kila mtu, na kukuta kwamba kiwango cha vifo katika mji uliochafuka zaidi kilizidi kwa asilimia 26 kile cha mji uliokuwa safi zaidi. Bila taarifa za sigara, umri, kazi na kipato, zilizokusanywa tangu siku ya kwanza, tofauti ya namna hiyo isingeweza kutetewa. Wakati mwingine tukio lenyewe humsaidia mtafiti: katika Bonde la Utah, Marekani, kiwanda cha chuma kilifungwa mwaka 1986 na kufunguliwa mwaka uliofuata, na ikaonekana kwamba watoto waliolazwa hospitalini kwa mkamba na pumu walikuwa wengi mara mbili hadi tatu katika majira ya baridi ambayo kiwanda kilikuwa kikifanya kazi. Inafaa kuuliza kama karibu na eneo la utafiti kuna kiwanda, barabara au mgodi unaotarajiwa kufungwa au kufunguliwa, na kuanza kupima kabla ya siku hiyo.

Mwisho ni kibali cha kamati ya maadili na ridhaa ya washiriki, ambavyo wengi huvichukua kama makaratasi tu. Mtu anayeruhusu kipima kiwekwe chumbani anakolala mtoto wake mwenye pumu atataka kujua kilisoma nini. Fomu ya ridhaa ieleze kama ataambiwa, lini, na kwa lugha gani, na atajwe mtu wa timu atakayerudi kwenye nyumba hiyo endapo namba zitakuwa za kutisha, pamoja na ushauri atakaokuwa nao mkononi atakapobisha hodi.