Kabla hujatia sauti mpya kwenye kichwa cha treni cha zamani: mambo ya kuzingatia

Dikoda ya sauti (kifaa kidogo cha kielektroniki ndani ya kichwa kinachoendesha mota, taa na sauti) ikiungua siku ya kwanza, mara nyingi kosa lilikuwepo kabla waya wowote haujalehemiwa. Hapa tunazungumzia treni ndogo za kipimo cha HO, yaani 1:87: vichwa vya kampuni ya Athearn vilivyouzwa kwenye boksi la bluu, vilivyotengenezwa kwa umeme wa DC, na vile vya miaka ya 2000 vilivyotoka kiwandani na sauti yake ambayo sasa inakwaruza au imekata kabisa.

Anza na mwendo, sauti ije mwisho. Kiweke kichwa kwenye reli ya DC kizunguke robo saa kila upande. Ukisikia tik-tik inayofuata mzunguko wa gurudumu, gia ya ekseli imepasuka. Vichwa vya Proto 2000 vya Life-Like vinajulikana kwa ugonjwa huo, na gia za Athearn namba 60024 zinaingia mahali pake bila shida. Futa grisi iliyoganda, safisha magurudumu, angalia kama kaboni za mota (vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) bado zina urefu wa kutosha. Gia mbovu hailainishwi na dikoda, hata iwe ya bei gani.

Kisha pima mota inakula ampia ngapi ikikwama. Tumia volti 12 za DC, mita ikiwa kwenye tundu la 10A na imeunganishwa kwa mfululizo. Bonyeza kichwa chini mpaka magurudumu yasimame, soma namba, achia. Isizidi sekunde mbili. Namba hiyo lazima iwe chini ya uwezo wa dikoda. LokSound 5 ya kawaida, dikoda ya ESU, inabeba ampia 1.5 kwa mota; Tsunami2 aina ya TSU-2200, ya SoundTraxx, inabeba 2. Mota ya zamani ikizidi hapo, usitafute njia ya mkato: badilisha sumaku au badilisha mota nzima.

Sasa jambo linaloua dikoda kuliko yote kwenye Athearn za zamani. Fremu ya chuma ya vichwa hivyo ndiyo waya: inachukua umeme wa reli moja na kuupeleka kwenye kaboni ya chini kupitia klipu ya shaba yenye vijino viwili vinavyogusa chuma. Kwenye DC hakuna ubaya. Kwenye DCC, yaani mfumo wa kidijitali ambamo dikoda hupokea amri kupitia reli, umeme wa reli unaingia moja kwa moja kwenye njia ambayo dikoda hupelekea umeme kwenye mota, na moshi unakuja mara moja. Kwa hiyo toa mota, vua klipu ya chini taratibu (shika springi kwa kidole, huruka na kupotea), kata vijino au vilaze, kisha lehemu waya wa kijivu wa dikoda kwenye klipu ikiwa nje ya mota, maana joto huyeyusha plastiki na kulegeza springi. Waya wa rangi ya chungwa uende kwenye klipu ya juu. Tandika tepu ya kuhimili joto kwenye fremu chini ya mota. Tepu nyeusi ya umeme ikipata moto gundi yake hutoka na tepu hubanduka. Rudisha mota, kisha weka mita kwenye omu: kaboni ya juu na fremu, kaboni ya chini na fremu, kila kaboni na kila reli. Kote mita isionyeshe mawasiliano yoyote. Ikilia hata mara moja, usiendelee.

Taa nazo zichunguze, kwa kuwa balbu ya zamani huchukua umeme kwenye fremu hiyohiyo, na balbu za volti 1.5 hupasuka zikiunganishwa moja kwa moja kwenye dikoda. Weka LED, kila moja na rezista yake ya omu 1,000. Waya wa bluu ni chanya ya pamoja, mweupe ni taa ya mbele, wa njano ni ya nyuma.

Kwa vichwa vilivyokuja na sauti, mtego uko kwenye spika. Kabla ya kuchomoa chochote, soma CV 8 (CV ni namba za mipangilio zilizohifadhiwa ndani ya dikoda) ujue ni dikoda ya kampuni gani: 151 ni ESU, 141 ni SoundTraxx, 113 ni QSI. Andika pia CV 1, 17, 18 na 29, zinazobeba anwani ya kichwa na mipangilio ya msingi. Kisha pima spika yenyewe. LokSound 3.5 ilitumia spika ya omu 100. Dikoda mpya ukiiunganisha na spika hiyo, sauti itakuwa ya kunong'ona na utadhani dikoda ni mbovu. Kinyume chake ni hatari zaidi: spika ya omu 4 au 8 kwenye LokSound 3.5 inaunguza kikuza sauti. Spika ya omu 8 husoma kama 7 hivi kwenye mita, usishtuke. Ukitaka mbili, za omu 8 zikienda sambamba zinakuwa 4, zikienda kwa mfululizo zinakuwa 16. Zigusishe kwa sekunde moja kwenye betri ya volti 1.5: zote mbili ziruke upande mmoja, la sivyo zinauana sauti.

Spika ndogo za milimita 11 kwa 15 zinatosha kichwa chembamba, ila lazima ziwe na boksi lililozibwa. Hewa ya nyuma ikikutana na ya mbele, sauti nzito hupotea, kwa hiyo ziba hata tundu la kupitishia waya. Ondoa na chembe za chuma zilizong'ang'ania sumaku, ndizo zinazoleta mkwaruzo.

Aliyeagiza transfoma kutoka Marekani asiichomeke ukutani Dar es Salaam au Mombasa kabla hajasoma kibandiko. Nyingi ni za volti 120 tu.

Umeme wa kwanza uwe wa reli ya kuprogramu, bodi (gamba la nje la kichwa) ikiwa bado haijarudishwa. Reli hiyo hutoa umeme kidogo, hivyo kosa huonekana bila kuunguza kitu. Dikoda ikisomeka anwani 3, ambayo dikoda mpya huja nayo, uko salama. Shusha sauti mpaka 64 (CV 63 kwa LokSound 5, CV 128 kwa Tsunami2), ndipo uhamie reli kuu. Kichwa kikienda kinyume, badilishana waya wa chungwa na wa kijivu. Mwisho rudisha bodi polepole ukiichungulia kutoka ubavuni: waya uliobanwa kati ya bodi na fremu huchubuka, na skrubu ndefu ikishuka kwenye dikoda huitoboa.