Kufungua Kliniki ya Kibinafsi ya Magonjwa ya Akili Kenya: Panga kwa Ajili ya Mgonjwa Anayerudi

Daktari wa magonjwa ya akili anayejiandaa kuacha ajira ya hospitali na kufungua kliniki yake nchini Kenya huanza, mara nyingi, kwa kutafuta chumba, viti na kibao cha mlangoni. Afadhali aanze na kalamu na karatasi. Mgonjwa wa malaria hutibiwa akapona akaenda zake, lakini mwenye skizofrenia, baipola au sonona ya kujirudia atarejea mwezi ujao, na pengine kwa miaka kumi ijayo. Kwa hiyo bei, mahali, simu na mafaili havina budi kupangwa kwa kumfikiria huyo anayerudi kuliko yule anayeingia mara ya kwanza.

Fanya hesabu hii kabla ya kutia saini mkataba wa pango. Ukipokea wagonjwa wapya watano kila wiki, kila mmoja kwa saa nzima, kisha kila mmoja akawa anarudi mara moja kwa mwezi kwa nusu saa, baada ya wiki 50 utakuwa na watu 250 wanaohitaji saa 125 kila mwezi, na wapya wanaoendelea kuja watakula saa nyingine 20. Zigawe saa hizo 145 kwa siku 22 za kazi: ni zaidi ya saa sita na nusu kwa siku, kabla hujaandika barua kwa mwajiri wa mtu, ripoti ya mahakama, wala kupokea simu ya mama ambaye mwanawe amekataa dawa tangu Jumapili. Ni kweli kwamba baadhi yao wataacha kuja, na hilo nalo si habari njema, kwani anayetoweka huenda hajapona, bali amekosa nauli au amechoshwa na dawa inayomnenepesha.

Ndiyo maana lazima uamue mapema nani atafanya nini. Sindano za kila mwezi na upimaji wa uzito na shinikizo la damu ni kazi ya muuguzi wa afya ya akili. Tiba ya mazungumzo inayohitaji dakika 50 kila wiki mwachie mwanasaikolojia aliyesajiliwa. Naye mgonjwa aliyetulia kwa mwaka mzima aweza kurudi kwa daktari wa kawaida karibu na kwao, akiwa na barua yako inayotaja wazi dawa, kipimo, dalili za kuangaliwa na tarehe ya kumrejesha kwako. Kwa anayetumia lithiamu, dawa ya baipola, barua itaje pia tarehe za kupima kiwango cha dawa katika damu, figo na tezi ya thairoidi, kwa sababu kiasi kinachotibu na kiasi kinachodhuru havipishani sana. Wako madaktari wanaoogopa kupoteza wateja kwa njia hii. Naiona hofu hiyo kuwa ya bure, maana daktari uliyemwandikia barua nzuri ndiye atakayekuletea wagonjwa wengine.

Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili, ilianza mwaka 1910, na hadi leo jijini Nairobi kumwambia mtu aende Mathari ni kejeli. Aibu hiyo itapanda ngazi pamoja na mgonjwa wako. Chagua jengo lenye daktari wa meno, maabara na duka la miwani, ambamo anayepita hajulikani anakwenda mlango upi, na mhudumu wa mapokezi asiite majina kwa sauti.

Leseni hazihitaji maneno mengi: wewe na kliniki yako kila mmoja anahitaji leseni ya baraza la madaktari, KMPDC. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inayahesabu maelezo ya afya kuwa data nyeti, basi habari za mgonjwa zisikae katika WhatsApp ya mhudumu wa mapokezi.

Katika fedha, usitegemee bima peke yake. Sheria ya Afya ya Akili ya 1989 ilikataza kampuni za bima kutoa bima ya maradhi inayowatenga wenye ugonjwa wa akili, lakini katazo la sheria ni jambo moja na kikomo kilichoandikwa katika mkataba wa mgonjwa ni jingine. Tangu SHA, bima ya afya ya serikali, ilipochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, wenye mishahara hukatwa asilimia 2.75, na mtu anayekatwa kila mwezi atakuuliza, kwa haki, kwa nini alipe tena kwako. Soma mkataba wa kila mlipaji, ujue ni ziara ngapi zinazolipiwa, na umwambie mgonjwa siku ya kwanza zitakapoishia. Kisha tangaza bei mbili, ya kuanza na ya kurudi, hii ya pili iwe ndogo kiasi kwamba mwalimu wa shule ya msingi aweza kuilipa kwa M-Pesa mwezi baada ya mwezi. Weka akiba ya gharama za miezi mitatu, kwani madai ya bima huweza kwenda mwendo wa kobe.

Ziara za video zitabeba sehemu kubwa ya kazi hii miaka ijayo, kwa kuwa madaktari wa fani hii wamerundikana Nairobi na miji mingine mikubwa ilhali kaunti ni 47. Ya kwanza ifanyike ana kwa ana. Katika zinazofuata, anza kila mara kwa kuuliza mgonjwa yuko wapi wakati huo na nani yuko karibu naye: jibu la kwanza litakuwezesha kutuma msaada mambo yakiharibika, na la pili litakueleza kwa nini mke anayeulizwa habari za nyumbani anajibu ndiyo na hapana tu.

Kabla ya kufungua mlango, uwe na makubaliano ya maandishi na hospitali yenye vitanda, kwa sababu ipo siku mtu atakaa mbele yako saa kumi na moja jioni akuambie kwamba amekwisha nunua sumu. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinapingana na Katiba. Waeleze hivyo wagonjwa na jamaa zao, ili hofu ya polisi isiwazuie kusema ukweli.

Kliniki ya daktari mmoja hufungwa siku daktari anapougua. Tafuta mwenzako wa fani, umpe bahasha yenye maelezo ya kufungua mafaili, orodha ya wanaochomwa sindano mwezi huo, na majina ya wanaotumia klozapini, dawa ya skizofrenia, ambao kipimo chao cha damu hakiwezi kusubiri; naye akupe yake, na mzihuishe kila Januari na Julai.