Monita inawaka sekunde mbili kisha giza: pima, fungua, tengeneza

Monita nyingi za LCD zilizotumika, zile za inchi 17 na 19, hupelekwa jalalani kwa neno moja: "Kioo kimekufa." Mara nyingi kioo ni kizima kabisa. Kilichokufa ni kapasita (vikopo vidogo vinavyohifadhi chaji ya umeme) kwenye pawa saplai, yaani bodi inayoigawia monita umeme, na hizo ni vipuri vya bei ndogo. Kwa hiyo usishike bisibisi kabla hujapima.

Hatua ya 1: Hakikisha mbovu ni monita. Chomoa kebo ya picha, acha ya umeme peke yake, kisha washa. Ukiona vizuri ujumbe kwamba hakuna signali, kaanze na kebo na kompyuta. Kama picha ina mistari, fungua menyu ya monita. Menyu ikitokea safi juu ya picha mbovu, hitilafu kwa kawaida inatoka nje. Mstari wima ukikatiza hadi kwenye menyu, tatizo mara nyingi ni kioo chenyewe, na hilo halitengenezeki nyumbani.

Hatua ya 2: Tochi. Taa ya swichi inawaka lakini kioo cheusi? Rudisha kebo, zima taa za chumbani, mulika kioo kwa karibu, tochi ikiwa imelazwa upande. Ukiona picha hafifu, kioo kinafanya kazi. Kilichozimika ni taa za nyuma. Kama picha inakuja sekunde mbili kisha inapotea, inveta (sehemu inayozipa taa hizo umeme wa volti kubwa) inazizima kujikinga, ama kwa sababu taa moja imechoka, ama umeme unaoifikia ni dhaifu.

Hatua ya 3: Kufungua. Chomoa plagi ukutani, bonyeza swichi, uiache ipumzike. Kapasita kubwa iliyoandikwa 400V au 450V hubeba takriban volti 325 monita ikiwa kwenye umeme wa 230, na inaweza kubaki na chaji baada ya kuchomoa. Pima miguu yake kwa multimita (kipimo cha umeme) ikiwa upande wa volti za DC. Kama bado ina chaji, endelea kusubiri. Usiigusishe na bisibisi ili "kuimaliza". Na kama monita yako ni ya kichogo, usiifungue kabisa: bomba lake la picha hufanya kazi kwa volti zaidi ya 20,000.

Laza kioo juu ya kitambaa laini, toa skrubu za stendi, kisha pitisha kadi ngumu ya plastiki kwenye ukingo ili kuachia vibano vya kava. Inua taratibu, maana waya wa vitufe ni mfupi.

Hatua ya 4: Kapasita. Tazama vichwa vyake. Kizima ni bapa. Kibovu kimevimba juu au kimetoa ute wa kahawia. Angalia hasa zile zilizo jirani na bati la kupoozea, kwa sababu joto ndilo linaloziua. Mara nyingi ni 1000µF 25V au 470µF 25V (µF ni uwezo wa kubeba chaji, V ni volti). Ukikuta moja imevimba, badilisha zote za upande huo wa volti ndogo, kwani hata iliyo bapa inaweza kuwa imekwisha ndani.

Nunua yenye µF ileile, volti ileile au zaidi kidogo, na maandishi ya 105°C. Mwambie muuzaji ni ya pawa saplai. Ya kawaida haitadumu. Piga picha bodi kabla hujatoa chochote: mstari ubavuni mwa kapasita ni upande hasi, na ukiigeuza inaweza kulipuka. Yeyusha risasi ya kulehemu mguu mmoja mmoja huku ukiitikisa itoke. Chuma cha kulehemu kikikaa sana mahali pamoja, njia ya shaba inabanduka.

Kama monita haikuwaka hata taa, pima fyuzi. Ikiwa imekatika, tafuta kwanza transista au dayodi iliyoshoti. Usiunge kwa waya, nyumba inaweza kuwaka moto.

Hatua ya 5: Kujaribu. Funga kava kwanza, ndipo uchomeke. Iache iwake saa nzima. Ikizima tena baada ya sekunde mbili, imebaki taa au transfoma ya inveta. Taa hizo ni vioo vyembamba vyenye zebaki, kwa hiyo hapo mpelekee fundi mwenye monita za kuvunjia vipuri.